Dagaa Hawakumfungukia Sabiha

Kutanda ni kuvua dagaa kwa nguo. Wanawake wawili wanashika shuka kuukuu kwa ncha zake na kuizamisha kwenye maji ya magotini, wenzao wanawazingira dagaa na kuwaswaga kwa miguu na makelele mpaka waingie. Hakuna ndoana, hakuna mtumbwi, hakuna mwanamume wa kusimama pembeni akitoa amri. Ukiwasikia wanawake wa Ushongo kutoka ufukweni ungeapa kuwa wamekwenda kupiga domo tu, na dagaa ni kisingizio. Wala usingekuwa mbali na ukweli.

Katika kazi hiyo kuna kitu walichokiita nyumba. Dagaa wakiwa wamejaa mpaka mchanga hauonekani, ukiingiza mguu wao hufunguka. Wanaacha duara la maji matupu kukuzunguka. Ukisogea nalo linasogea, ukisimama linasimama. Kila mtu alikuwa na nyumba yake. Ya Bi Mwanakombo, mkubwa wa watandaji, ilikuwa pana kwa kuwa mwenyewe alikuwa pana, na wenzake walimtania kwamba ina ukumbi, baraza na choo cha nje. Kwa mwenye mimba dagaa walikaa mbali zaidi, na si mara moja watandaji walijua habari kabla ya mume. Hata maji yakiwa na tope na hakuna kinachoonekana, dagaa walifunguka vilevile. Dagaa ana uzi ubavuni, walisema, na uzi huo ndio unaomwambia. Jicho amepewa la kujipambia tu.

Basi asubuhi moja ya bamvua, siku za maji makubwa, mwaka ule bei ya katani ilipopanda mpaka makarani wa mashamba ya mkonge wakaanza kuvaa soksi, Mwamvua aliingia majini na binti yake Sabiha. Ilikuwa mara ya kwanza Sabiha kutanda tangu aliporudi. Mwamvua alitazama chini akaiona nyumba yake mwenyewe, ile ile aliyoizoea tangu hajavunja ungo. Akaitazama miguu ya mwanawe. Dagaa walikuwa wakipita katikati yake, wakiigusa, wakiendelea na safari yao kana kwamba pale hapana mtu.

Mwamvua alisogea upesi mpaka bega likagusana na bega, nyumba yake ikaifunika miguu ya Sabiha. Akainua uso. Bi Mwanakombo alikuwa akiwatazama, na mdomo wake, ambao haukuwahi kupumzika majini, ulikuwa umefungwa.

Inafaa kusema Sabiha alirudi kutoka wapi. Majuma machache nyuma walikwenda mwambani kuchokoa pweza, mama na binti na wengine wengi. Maji yalipoanza kujaa watu walikimbilia pwani. Sabiha akasema amesahau kikapu. Mwamvua alimwambia kiache, kikapu ni ukindu tu, lakini msichana yule alikuwa mbishi kama baba yake, Mungu amrehemu, akageuka. Wimbi likapita naye. Wanaume walipiga mbizi mpaka macho yakawa mekundu, wala hawakupata hata kanga. Mwishowe akaswaliwa swala ya ghaibu, hitima ikasomwa, watu wakala pilau wakaenda zao.

Mwamvua hakulia. Alichokifanya ni kibaya zaidi. Kila maji yalipokupwa alikwenda ukingoni mwa mwamba, akamwita mwanawe kwa jina. Na huko hakuna asiyejua kwamba juu ya maji mtu haitwi jina. Ukimtaka mwenzako unasema, "Ewe wa kwetu!" naye ataitika akiwa ni yeye. Ukitaja jina, anayelisikia si lazima awe mwenyewe. Mwamvua alilijua hilo, alilifundishwa na mama yake, akamfundisha Sabiha kwa kibao. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Aliita, "Sabiha! Sabiha, mwanangu!" mpaka sauti ikamkauka.

Asubuhi moja Sabiha akatokea upande wa mikoko, kanga imemganda mwilini, akasema, "Mama, nimekuja."

Lo! Ushongo ililipuka. Vigelegele, kuku kuchinjwa, watu kulia na kucheka pamoja. Aliyelia kuliko wote ni Bi Mwanakombo, kwa kuwa Sabiha alikuwa ameposwa na mwanawe, Uweso, na kijana alikuwa amekonda kwa huzuni mpaka suruali inashikwa kwa kamba. Harusi ikapangwa upya, iwe baada ya Maulidi. Sabiha alipoulizwa alikuwa wapi, alijibu kwamba hakumbuki vizuri, palikuwa na giza. Watu wakasema maskini, amepigwa na bahari, muacheni apumzike.

Mwamvua naye alimwacha apumzike, ila macho yake hayakupumzika. Vidole vya Sabiha vilikuwa vimekunjamana, kama vya mtu aliyefua nguo mchana kutwa, na siku zilipita navyo havikunyooka. Tena mtu akimsemesha hakumgeuzia uso. Alimgeuzia ubavu. Uso ulifuata baadaye, taratibu, kama mtu aliyekumbushwa adabu. Na kabla mgeni hajapiga hodi, kabla hata kuku hawajashtuka uani, Sabiha alikuwa akisema, "Anakuja Bi Mwanakombo. Goti la kushoto linamuuma leo." Na kweli, Bi Mwanakombo angeingia akichechemea na kuomba mafuta ya nazi.

Jioni ya siku ile ya dagaa Mwamvua alimwogesha mwanawe, akamsugua mgongo kwa dodoki kama alivyokuwa akifanya zamani. Ndipo alipouona. Ulianzia nyuma ya sikio, ukashuka shingoni, ukapita ubavuni mpaka kiunoni. Mstari mwembamba wa nukta, nukta baada ya nukta, kama mshono wa cherehani. Akatazama upande wa pili, nao upo. Aliugusa kwa ncha ya kidole, na Sabiha akatetemeka mwili mzima.

"Umeumia?" aliuliza Mwamvua.

"Sikuumia, mama. Mkono wako umesema kwa nguvu."

Mwamvua alilimwaga lile maji, akamfunga mwanawe kanga mpaka shingoni, akamwambia asivue nguo mbele ya mtu. Wallahi aliogopa. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Lakini alipokisikia kile kicheko kidogo cha Sabiha jikoni akimfukuza paka, hofu ikachanganyika na furaha, asijue ipi ni ipi.

Kesho yake alifunga safari kwenda zahanati ya shamba la mkonge. Muuguzi wa pale, Praxeda, alikuwa mwanamke wa bara, Mkatoliki, aliyezoea kununua samaki kwa Mwamvua na kumpa dawa ya kikohozi bila maneno mengi. Walikuwa wamependana kwa namna ya watu wasiojuana sana. Mwamvua alimpeleka Sabiha na kolekole mmoja mnene.

"Dada Praxeda, mtazame mwanangu. Niambie kama ni mzima."

Praxeda alimtazama ulimi, akamvuta kope, akamsikiliza kifua, akamshika kifundo cha mkono na kuitazama saa. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akaachia na kujifuta mkono kwenye aproni bila kujijua.

"Mzima," alisema. "Moyo unapiga vizuri. Taratibu, na unaruka pigo mara moja moja, lakini vizuri. Ana ubaridi kidogo, mpe uji wa tangawizi."

Sabiha alikwenda kukaa nje, ubavu ameuelekeza ukutani. Praxeda akachukua kisu na kuanza kumpasua kolekole barazani. Mwamvua alikuwa akiutazama ule mstari wa samaki, unaotoka nyuma ya shavu, ukajipinda, ukaenda mpaka mkiani.

"Huu uzi," alisema, "ninyi mliosoma mnasemaje juu yake?"

Praxeda alifurahi, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza jambo kama hilo. Alikwangua magamba, akamwonyesha kwa ncha ya kisu. "Tazama, ni vitundu. Chini yake mna mfereji, na ndani ya mfereji mna vinywele vidogo huwezi kuviona. Maji yakisukumwa hata kidogo, vinywele vinalala. Hivyo samaki anajua kuna kitu, kipo upande gani, ni kikubwa au kidogo, kinamjia au kinamkimbia. Ndiyo maana wakienda kundi hawagongani." Akakipasua kichwa, akatoa kijiwe cheupe kama punje ya mchele. "Na hiki ni cha sikio. Kinamsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Papa ndiye amezidi. Ana vitundu vyenye ute puani. Samaki akijifukia mchangani, papa anampata tu, kwa kuwa kila kilicho hai kinatoa nguvu ya umeme kidogo. Hata moyo ukipiga."

"Basi samaki hadanganyiki."

"Kwa sura hadanganyiki. Sisi ndio tunadanganyika na sura."

Mwamvua aliinama karibu naye. "Na kama dagaa hawamkimbii mtu? Mtu yuko majini, nao wanapita tu?"

Praxeda alicheka. "Labda wamemwona mwenzao." Kisha akamtazama Mwamvua usoni, na kicheko kikamwishia. Alitupia jicho nje, alikokaa Sabiha. Sabiha hakuwa amegeuza kichwa, ila ubavu wake sasa ulikuwa umewaelekea wao wawili. Praxeda akafanya ishara ya msalaba, akamfungia Mwamvua kijiwe na kichwa cha samaki kwenye karatasi, akasema zahanati inafungwa mapema leo.

Walipofika nyumbani Bi Mwanakombo alikuwa amekaa barazani, fimbo mapajani.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo," alisema Sabiha.

"Marahaba. Ingia ndani, mwanangu, nataka kusema na mama yako." Alisubiri mlango ufungwe, ingawa Mwamvua alijua kwamba mlango haukuwa na maana yoyote. "Mwamvua, mimi nawe tumekua pamoja. Nimekuzalisha huyo binti kwa mikono yangu hii. Sasa usinifanye mtoto. Nimeona."

"Umeona nini?"

"Usiniulize nimeona nini! Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulimwita jina juu ya maji, nikanyamaza kwa kukuonea huruma, na hilo kosa langu. Lakini kijana wangu nitamwoza kitu nisichokijua? Kilale naye kitanda kimoja? Astaghfirullah!" Alishusha sauti, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka, yeye aliyekuwa akiwatisha hata wavuvi. "Nataka iwe ni yeye. Wallahi nataka kuliko wewe unavyodhani. Basi mlete majini mbele ya watandaji wote. Dagaa wakimfungukia, nitakupiga magoti nikuombe radhi mbele ya watu. Wasipomfungukia, utamwachia mkono pale pale, usimwite tena, naye atarudi alikotoka. Aliyeita ndiye anayeachia. Ndivyo lilivyo jambo hili."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa tutahama sisi majini, tutahama mlangoni kwako, na maiti yako hataizika mtu."

Alipokwisha kwenda, Mwamvua aliingia ndani. Jua la alasiri lilikuwa likipenya kwenye makuti. Sabiha alikuwa akichambua mchele, vidole vyake vilivyokunjamana vikienda upesi.

"Umesikia," alisema Mwamvua.

"Nimesikia."

"Basi niambie mimi, mimi peke yangu. Wewe ni nani?"

"Uliita Sabiha."

"Nililoliita nalijua! Nauliza nani aliitika."

Msichana aliacha mchele. Aligeuka mzima mzima, uso kwa uso, jambo ambalo lilionekana kumpa taabu. "Palikuwa na giza, mama, wala macho hayana kazi kule. Nilikuwa sijui juu ni wapi. Nikahisi mtu amesimama mwambani, miguu yake inatetemeka. Nikaijua hiyo miguu. Nikaifuata. Kama kabla ya hapo nilikuwa kitu kingine, sikumbuki." Akausogeza mchele kando. "Unataka niwe nani?"

Mwamvua alimpiga kofi. Kisha akamkumbatia, akalia kile kilio alichokuwa hajalia tangu siku ya kikapu, na mwili wa Sabiha kifuani pake ulikuwa na ubaridi wa mtungi.

Siku ya majaribio watandaji wote walikuja, mpaka waliokuwa na wagonjwa nyumbani. Jua lilikuwa limepanda, maji yametulia, mtu angeweza kuhesabu kome chini. Hakuna aliyeimba. Dagaa walikuwa wamejaa kuliko siku zote, weusi, wakijikunja na kujikunjua.

Mwamvua aliingia kwanza, amemshika Sabiha mkono, bega kwa bega. Alikuwa na hila yake, masikini: nyumba yake moja iwafunike wote wawili. Dagaa wakaja, wakafunguka. Kwa kitambo kidogo duara likaonekana limewazunguka mama na binti, na mwanamke mmoja nyuma akaanza kigelegele.

"Bado!" alisema Bi Mwanakombo. "Ewe wa kwetu, mwachie mkono. Sogea kando."

Kigelegele kikakatika. Mwamvua aliutazama ule mkono ndani ya mkono wake. Alilegeza kidole cha kwanza. Akalegeza cha pili. Dagaa mmoja aliingia kwenye duara, akampita Sabiha katikati ya miguu, wakafuata wengine, na wanawake wote wakaona. Kuna aliyesema, "Subhanallah." Wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, kila mtu na nyumba yake.

"Mwachie," alisema Bi Mwanakombo akilia. "Mwachie, ndugu yangu, utakufa."

Sabiha ndiye aliyejaribu kuuchomoa mkono wake. "Niachie tu, mama," alisema polepole. "Njia naijua."

Ni hayo maneno yaliyommalizia Mwamvua nguvu ya kutii. Kitu kinachomtaka mtu kwa ubaya hakisemi niachie. Angalau ndivyo alivyowaza, na kama aliwaza vibaya basi hesabu ni yake na Mola wake. Akavikaza vidole vyake vyote, akaushika ule mkono mpaka mifupa ikamwuma.

"Simwachii," alisema. "Nendeni mkaseme Mwamvua amekataa."

Kwanza alihisi baridi ikipanda kutoka kiganjani. Ikapita kwapani, ikashuka ubavuni, taratibu, nukta baada ya nukta, kama sindano inayoshona bila kuuma. Kisha kitu laini kikamgusa kisigino. Akatazama chini. Duara lilikuwa likipungua. Dagaa walikuwa wakiingia kutoka pande zote, bila haraka, wakimgusa, wakipita kati ya vifundo vyake, mpaka pale alipokuwa amesimama hapakuwa na nafasi hata ya kidole.

Alifumba macho, na hakupoteza kitu. Alimjua Bi Mwanakombo akirudi kinyumenyume, goti la kushoto likiburuta. Aliwajua wanawake wote kwa uzito wao majini, na yule mmoja mwenye mimba ambaye hakuwa amemwambia mtu. Alilijua wimbi lililokuwa bado nje ya mwamba. Na karibu kuliko vyote, ukija kupitia majini na kumgonga ubavuni, aliusikia moyo wa aliyemshika mkono. Ulikuwa ukipiga taratibu, na kila baada ya kitambo ulikosa pigo moja, ukadunda mara mbili kulilipa. Mwamvua aliujua moyo huo tangu alipokuwa akimlaza Sabiha kifuani akiwa mchanga. Hakuna mwingine duniani aliyekuwa na moyo wa namna ile.

"Ni yeye!" alipaza sauti, akifumbua macho, akicheka na kulia. "Mwanakombo! Enyi watu, ni yeye, ni mwanangu kweli!"

Hakuna aliyemjibu. Walikuwa wamekwisha kufika mchangani, wamesongamana, wakiyatazama maji aliyosimama kama watu wanaotazama mahali palipo patupu. Bi Mwanakombo alijifunika kanga kichwani, akakaa chini, akaanza kilio cha msiba. Wengine wakampokea. Wakamtaja Sabiha kwa jina, kisha wakamtaja Mwamvua.